Mume Asiye na Mikono

Nzilani alikuwa ameapa hatamtazama. Aliapa asubuhi akijifunga kitambaa cha kichwa, akaapa tena njiani akishuka kilima pamoja na mama yake kuelekea kanisani Kasikeu. Lakini macho hayana pazia. Kabla hajaona hata pa kuketi, macho yake yalikuwa yamekwisha kumpata Kiema, ameketi benchi la mbele na shati lake la buluu, lile ambalo kifungo chake cha juu Nzilani alikuwa akikishona kila mara na kila mara kinang'oka. Leo kilikuwa kimeng'oka.

Na amekonda, jamani. Shingo iliyonona kwa muthokoi wa Nzilani, yale mahindi yaliyokobolewa, sasa ilicheza ndani ya kola kama mchi kwenye kinu. Ukitaka kujua kama mwanamke bado anampenda mwanamume, usijisumbue kumuuliza. Mtazame anavyompima kilo zake kwa macho.

"Unatazama nini?" mama yake, Mbinya, akamnong'oneza.

"Ukuta, mwaitu."

"Ukuta umevaa shati?"

Nzilani akainamisha kichwa. Mama yake alikuwa na macho ya kisogoni, na hilo alilijua tangu utotoni.

Mbinya mwenyewe hakuweza kutazama upande ule. Kiema alikuwa mkwewe, na mama wa Kikamba aliyelelewa akaleleka hamtazami mkwe wa kiume usoni, hamgusi, wala hataji jina lake. Hiyo ndiyo nthoni, haya ya heshima, na Mbinya hakuwa mtu wa kuivunja kwa sababu ya semina ya wanandoa. Basi akaenda kuketi kona ya nyuma kabisa, akawapa watu wote mgongo, leso ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Angeweza kubaki nyumbani akapepeta mbaazi zake. Lakini alikuwa amekuja kumlinda binti yake asije akabembelezwa, na mtu anaweza kulinda hata kwa mgongo.

Maana mambo yalikuwa yamefika pabaya. Jumatatu wazee wa pande zote mbili wangeketi chini nyumbani kwa Mbinya kuivunja ndoa ile. Mchungaji ndiye aliyewaomba wampe Jumamosi hii moja tu. Ikishindikana, basi, kila mtu na njia yake.

Na kisa chenyewe kilikuwa kimoja. Wakati wa mvua za Novemba mwaka wa themanini na tano, Nzilani alijifungua mtoto wa kike nyumbani kwa mumewe, Mbumbuni. Mtoto hakufikia hata siku ya kupewa jina. Walimzika jioni, mvua ikinyesha. Tangu jioni ile, Kiema hakumgusa tena mke wake. Si kumpiga, si kumkumbatia, si hata kumshika kidole. Chakula alikipokea juu ya meza, hakukipokea mkononi mwake. Maji ya kuoga alimpashia kila siku, akayaweka mlangoni na kuondoka upesi, kana kwamba ndani ya chumba kuna nyoka. Usiku alilala chini juu ya ngozi ya ng'ombe. Nzilani alivumilia mpaka kiangazi. Mbaazi zilipoanza kukomaa, alifunga nguo zake kwenye leso akarudi kwao Kasikeu. Kiema alisimama kando ya tanuri lake la matofali akamtazama akienda, na hakusema neno.

Mtu ambaye hakusema neno! Hilo ndilo lililomkeketa Nzilani. Afadhali angemtukana.

"Haya, wapendwa wangu," sauti ya mwanamke ilisema pale mbele, "leo mdomo utapumzika."

Huyo alikuwa Waruguru, muuguzi wa zamani kutoka upande wa Murang'a, aliyeolewa na mfanyabiashara mmoja wa Sultan Hamud. Alikuwa amejifunza Nairobi namna ya kutibu nyumba zilizoumia, si kwa mahubiri wala vidonge, bali kwa pumzi, kwa kusimama na kutembea, na kwa kazi za mikono kama kuchora na kufinyanga. Alikuwa mnene, mchangamfu, na alivua viatu vyake mbele ya watu akabaki pekupeku juu ya saruji. Jambo hilo peke yake lilimfanya Ndululu, mzee wa kanisa, akohoe.

"Mama," Ndululu alisema akiinuka, "mimi sitaki maneno mingi. Lakini tumesikia hii semina ni ya kutingisha mwili. Hapa kanisani kwetu hatuchezi ngoma."

"Mzee, hatuchezi. Tunapumua. Ama kupumua nako mlikataza?"

Wake kwa waume waliokuja siku ile wakacheka, hata wale waliokuwa wamenuniana tangu nyumbani. Ndululu akaketi, ila kwa ukingo wa benchi, tayari kuruka ikianza ngoma.

Waruguru akawaambia wasimame, kila mtu peke yake, wafumbe macho, waweke kiganja kifuani. "Vuta pumzi. Iachie. Mwili ni kama ng'ombe wa maziwa, ukiuharakisha unakunyima. Sasa uulize, wapi panauma? Si kwa kusema. Weka tu mkono pale."

Wengine waliweka mkono kichwani, wengine tumboni. Mzee mmoja aliweka mgongoni, lakini huyo alikuwa amelima jana. Nzilani alipumua mara kadhaa bila kusikia chochote, akadhani haya ni mambo ya watu wenye nafasi. Halafu ghafla akasikia. Haikuwa kifuani wala tumboni. Ilikuwa kwenye mikono yake miwili, hapa ndani ya kiwiko, mahali kichwa cha mtoto kinapolala. Mikono ilimwuma kwa kukosa uzito. Akajikumbatia, machozi yakamtoka na macho yakiwa yamefumbwa.

Alipoyafumbua, Kiema alikuwa akimtazama. Alikuwa amepiga hatua moja kuja kwake. Moja tu, kisha akasimama, akarudi nyuma.

"Bora ungebaki pale pale," Nzilani alisema moyoni, na hasira zikarudi mahali pake.

Kazi ya pili ilikuwa ya udongo. Waruguru alikuwa ameleta udongo wa kichuguu uliolowekwa, mwekundu na laini, akawagawia bonge bonge kwenye magunia yaliyotandikwa chini. "Mfinyange mwenzako," alisema. "Si vile alivyo kwenye picha ya harusi. Vile unavyomwona siku hizi. Na hakuna kuongea."

Waliketi wakipeana migongo. Nzilani alifinyanga upesi kwa vidole vyenye hasira. Kichwa, kiwiliwili, miguu. Kisha nyuma yake, kwa Kiema, akasikia kiganja kikipiga udongo, taratibu, pa, pa, sauti ile ile aliyokuwa akiisikia kutoka jikoni alfajiri nyingi, mumewe akifyatua matofali. Hakutegemea ingemgusa. Ilimgusa. Wacha wanaosema mapenzi ni kikohozi waseme, maana siku ile Nzilani alibanwa nayo kooni asijue atayameza au atayatema.

Waruguru alipofika kwao, alichuchumaa. Akatazama kazi ya Nzilani kwa muda.

"Huyu mtu mbona hana mikono? Umesahau?"

"Sikusahau."

"Haya. Kiema, geuka utazame. Mke wako amekufinyanga hivi."

Kiema akageuka. Akakitazama kile kijitu chekundu kilichosimama na mabega matupu. Akajitazama viganja vyake, vipana, vyenye sugu.

"Mimi niko na mikono," alisema pole pole. "Hii ndiyo ilijenga nyumba yako, Nzilani. Hata kitanda ni hii."

"Kitanda hukilali."

Watu wa magunia ya jirani wakajifanya hawakusikia. Kutoka kona ya nyuma, mgongo wa Mbinya ulinyooka kidogo.

"Sasa wewe, mama, tazama ya kwake," Waruguru alisema.

Nzilani alitegemea tofali. Kweli, angeliona tofali angelicheka akamsamehe nusu. Lakini pale kwenye gunia alikuwa ameketi mwanamke, ameinamisha kichwa upande wa kushoto, mkono mmoja umeshika shavu. Hivyo ndivyo Nzilani alivyoketi wakati akisikiliza jambo. Hata mkunjo wa kitambaa kisogoni ulikuwapo. Hata kidole gumba cha mguu, kile kilichopinda kwa kujikwaa utotoni, kidole ambacho alikuwa akikificha mbele za watu. Mkono uliozoea matofali uliwezaje kuitoa shingo ile? Mtu hawezi kumfinyanga hivyo mtu asiyemtazama. Na huyu, tangu Novemba, yeye Nzilani alikuwa akiamini hamtazami kabisa.

"Kumbe uliniona," alisema kabla hajajizuia.

"Nilikuwa nakuona kila siku."

"Kuona tu! Mimi ni televisheni?"

Waruguru akainuka, akapiga makofi mara moja na kuwaita watu wote wasimame, maana alijua kuna chuma ambacho hakingojwi kipoe.

"Kazi ya mwisho. Kila mume ataipanga nyumba yake hapa, kwa watu badala ya udongo. Mchukue mtu, mshike mabega, msimamishe mahali alipo katika nyumba yenu. Kama amekupa mgongo, mgeuze akupe mgongo. Kama yuko mbali, mpeleke mbali. Mwili utasema ile mdomo imekataa kusema. Kiema, anza wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Ng'ombe wa mbele ndiye hufungua njia."

Kiema alisugua viganja kwenye suruali, lakini udongo ulikuwa umekwisha kumkaukia mpaka viwikoni. Akatazama huku na huku. Alimwendea Ndululu, akamwomba radhi, akamshika mabega mzee yule na kumsimamisha kati ya ukumbi. "Huyu ni baba yangu, Mutie." Ndululu akatuna, kwa sababu Mutie alikuwa mzee wa kanisa mwenzake kule Mbumbuni na mtu wa kuheshimiwa. Kisha Kiema akamshika mkono mama mmoja mzee, akampeleka mlangoni na kumgeuza atazame ndani. "Huyu ni shangazi yangu, Mutindi." Akaburuta benchi. "Hii ni nyumba." Mwenyewe akaenda kusimama nje ya benchi, upande wa dirishani.

"Na mke wako?" Waruguru aliuliza.

"Asimame pale," Kiema alisema, akionyesha kwa kidole ndani ya benchi. "Nzilani, simama hapo."

"Kwa mikono, Kiema. Wengine umewashika. Na yeye mshike."

Kiema akamjia. Nzilani alimwona akija, akakaza mabega, kwa sababu alikuwa amepanga kuwa mgumu kama jiwe. Kiema alisimama mbele yake, karibu mpaka harufu ya moshi wa tanuri ikamfikia. Akainua mikono. Mikono ilifika karibu na mabega yake, hewa nyembamba tu ikabaki kati yao, na hapo ikakwama. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Kisha akaishusha.

"Siwezi," alisema.

Vichwa vyote viliwageukia.

"Mmeona!" Nzilani alipasuka, na sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Mmeona wenyewe! Anashika wazee, anashika benchi, anashika kila kitu, lakini mimi ni uchafu. Nilizaa mtoto akafa, basi mimi ni uchafu! Mwaitu, twende. Wazee wakuje hata leo, wasingoje Jumatatu."

"Si hivyo, Nzilani."

"Ni vipi basi? Sema! Ulinyamaza nikifunga nguo, ulinyamaza nikienda, leo utasema ama utanyamaza mpaka nizeeke?"

"Niliambiwa nisikuguse!"

Alisema kwa kelele, yeye Kiema ambaye sauti yake ilikuwa ya kuombea chumvi. Watu wakatazamana.

"Nani alikwambia?" Nzilani aliuliza.

Kiema akamwelekeza kidole yule mama mzee aliyesimama mlangoni, naye maskini akaruka pembeni, akakumbuka kwamba yeye ni Mutindi wa bandia tu.

"Shangazi. Ile jioni tulitoka kaburini. Alinishika hapo mlangoni akaniambia, 'Kiema, nyumba imeingiwa na kifo. Usimguse mama ya mtoto mpaka wazee wakuje na majani ya ng'ondu wawaoshe. Ukimgusa kabla, kifo kitarudi, na kitamchukua yeye.' Nikasema sawa. Nikaenda kwa baba nikamwambia waitwe wazee wa kuosha. Baba akakasirika. Akasema hii nyumba imeokoka, mambo ya ng'ondu ni ya giza, hakuna mzee atakanyaga hapa na majani yake."

"Na ni kweli," Ndululu alisema, akiwa bado amesimama mahali pa Mutie.

"Ni kweli, mzee. Mimi sikatai. Lakini basi nani angeniambia imeisha? Shangazi alisema mpaka waoshwe. Baba alisema hakuna kuosha. Nikabaki hapo katikati. Nikangoja. Siku ikaenda, mwezi ukaenda. Nilikuwa na aibu ya kuuliza mchungaji, ataona imani yangu ni ya maji. Nilikuwa na aibu ya kuuliza wazee, wataona mtoto wa Mutie amerudi kwa mambo ya zamani. Nikasema nitangoja tu, kuna mtu atasema kitu." Akameza mate. "Hakuna mtu alisema."

"Na wewe unaamini hayo?" Nzilani aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Sijui kama naamini. Shangazi angesema kifo kitanichukua mimi, ningekushika ile ile jioni. Haki ya Mungu. Ningekushika nife. Lakini alisema ni wewe." Akamtazama sasa, macho kwa macho. "Nilikuwa nimeshazika mmoja siku hiyo, Nzilani. Ningejaribu aje na wewe?"

Nzilani alikuwa akiyaona maji ya kuoga, ya moto kila jioni hata siku ambazo kuni zilikuwa shida, yaliyowekwa mlangoni na mtu anayekimbia. Alikuwa akiiona ile ngozi ya ng'ombe, na jinsi ilivyokuwa ikitandikwa kila usiku sambamba na kitanda chake, karibu kabisa, mpaka akiamka gizani akawa anasikia pumzi ya mumewe chini yake. Alikuwa ameyaita haya yote chuki. Kumbe mtu alikuwa akimlinda, na ulinzi wenyewe ulikuwa umewala wote wawili.

"Pumbavu," alisema kwa upole. "Pumbavu wewe. Si ungeniuliza mimi."

"Ningekuuliza nini?"

"Kama naogopa."

Kuuliza si ujinga, lakini wanaume wengine huona afadhali wajenge nyumba nzima ya matofali kuliko kuuliza swali moja. Kiema akainamisha kichwa.

Kutoka kona ya nyuma ikasikika sauti ya Mbinya, bado akiutazama ukuta.

"Nzilani. Mwambie mwana wa Mutie kwamba nilijua nyumba haikuoshwa. Nilijua tangu Novemba. Nikasema, hawa ni watu waliookoka, hawajali mambo hayo. Sikumuuliza mtoto wangu kama analala vizuri. Nilimuuliza tu kama ananyanyaswa." Akaivuta leso yake tena. "Mwambie pia, bado sijasema urudi."

"Amesikia, mwaitu."

"Wewe mwambie."

"Kiema, mama anasema hajasema nirudi."

"Nimesikia," Kiema alisema kwa adabu, akiutazama ukuta wa upande mwingine.

Ndululu alikohoa. "Basi tuombe. Tuombe tumalize hii kitu. Mama Waruguru, wewe umesoma, mwambie huyu kijana hakuna kifo kinatoka kwa mkono."

Waruguru akatikisa kichwa. Alikuwa ameketi chini, miguu yake pekupeku ameinyoosha mbele, uso wake umelowa.

"Mimi si wa hapa, mzee. Nikisema imeisha, atanisikia leo, na usiku akifika nyumbani ataanza kuogopa tena. Kichwa kikiambiwa kitu, mwili unaweza kukataa." Akamgeukia Nzilani. "Huyu bwana anangoja kuambiwa na mtu mwenye haki ya kusema. Mimi sijui ni nani."

Nzilani alijua. Alijua pale pale. Aliyebeba yule mtoto ni nani? Aliyetishiwa kifo ni nani? Ni mwili wake yeye, na tangu Novemba kila mtu alikuwa ameusemea isipokuwa mwenyewe.

Karibu na mlango kulikuwa na beseni la maji lililowekwa kwa ajili ya kunawa udongo, moja kwa watu wote, kwa sababu maji Kasikeu mwezi ule wa kiangazi hayakuwa ya kuchezea. Akaliinua, akaliweka juu ya benchi lile ambalo Kiema aliliita nyumba. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa. Kisha akamshika mumewe kifundo cha mkono wa kulia.

Kiema alishtuka mwili mzima, kama mtu aliyeguswa na makaa.

"Nzilani, acha."

"Siachi."

"Ukipatwa na kitu—"

"Nikipatwa, nitapatwa nikiwa nimekushika. Ile ya kupatwa peke yangu nimeshaijua, na siitaki tena." Akauzamisha mkono ule majini. "Ulikuwa unangoja mtu akuoshe. Mimi ndiye mama ya yule mtoto. Mimi nakuosha."

Akaanza kwenye vidole. Udongo ulikuwa umeng'ang'ania kwenye kucha na kwenye mikunjo ya viganja, akausugua kwa kidole gumba chake, pole pole, kidole kimoja baada ya kingine. Aliijua mikono hii. Aliyajua makovu yake yote, lile la fyekeo la kukatia nyasi na lile la tanuri. Maji yakawa mekundu. Akapanda mpaka kiwikoni, akashuka, akauchukua mkono wa pili. Kiema alisimama ametulia, machozi yakimdondoka ndani ya beseni, na hakuyafuta kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa na mwenyewe.

"Hii ni ya dini gani?" Ndululu aliuliza, lakini aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu ambaye hataki sana kujibiwa.

"Ni ya nyumba yangu, mzee."

Alipomaliza hakukuwa na kitambaa cha kufutia. Basi akavua kile cha kichwani mwake, akamfuta nacho, na nywele zake zikabaki wazi mbele ya kanisa lote. "Imeisha, Kiema," alisema. "Nakwambia mimi. Imeisha."

Ndipo Kiema alipomshika. Alianza na mabega kwa woga, akipima kama yatavunjika. Kisha akamvuta mzima mzima. Mke na mume wa kanisa lile hawakuwa wakishikana hata mikono mbele za watu, na leo hawa walikumbatiana katikati ya ukumbi saa sita mchana, mchungaji mwenyewe akichungulia dirishani. Nzilani alisikia moyo wa Kiema ukimgonga kwenye shavu. Alilia kwa ajili ya mtoto wake kilio ambacho hakuwahi kukilia, kwa sababu kuna kilio kinachotaka bega, na bega alikuwa hana. Kiema naye alilia, kwa sauti nzito isiyo na ufundi, kama mtu ambaye hajawahi kujifunza.

"Alikuwa na pua yako," Kiema alisema nyweleni mwake.

"Najua."

"Sikukwambia."

"Sasa umeniambia."

Hakuna aliyewaharakisha. Waruguru aliwageuza wale wengine taratibu, akawarudisha kwenye udongo wao, na kwa muda ilisikika tu sauti ya mikono ikifanya kazi.

Watu walipotoka nje kunywa chai, jua lilikuwa kali na vumbi jekundu limetulia barabarani. Baiskeli ya Kiema iliegemezwa ukutani, kiti cha nyuma amekifunga gunia lililokunjwa vizuri. Nzilani alilitazama gunia lile, akamtazama mwenyewe, naye Kiema akatazama chini kwa haya. Alikuwa amekuja na tumaini, kumbe, ila alilikalia kimya kama kawaida yake.

Mbinya alitokea mlango wa nyuma, akasimama kwenye pembe ya jengo, ukuta ukiwa kati yake na mkwewe.

"Nzilani, twende nyumbani. Mkosi umetoka, ni vizuri. Lakini mambo yana utaratibu wake. Wazee wanakuja Jumatatu. Wataketi, wataongea, baba yake ataomba msamaha, halafu utarudi kwake kwa heshima."

"Wazee wakija wape chai, mwaitu. Waambie sipo."

"Kwenda hivi hivi, kama msichana aliyetoroshwa?"

"Nimetoroshwa na bwana yangu."

"Na nguo zako? Ziko kwangu zote. Hata sweta. Ngoja basi tupande nyumbani, uzifunge, mwana wa Mutie angoje hapa."

Nzilani alikuwa amekwisha kukaa juu ya lile gunia, miguu upande mmoja, kichwa wazi. Alizungusha mikono yake miwili kwenye kiuno cha Kiema, akaikaza mbele, na akasikia tumbo la mumewe likipumua chini ya viganja vyake.

"Nguo zingoje zenyewe, mwaitu," alisema. "Sisi tumengoja vya kutosha."